Kioo Hurudisha Nini?

Karatasi nyeupe ya kuandikia hurudisha zaidi ya robo tatu ya mwanga unaoiangukia. Uso wa simu iliyozimwa hurudisha kiasi cha asilimia 4 tu. Hata hivyo hakuna anayechana nywele mbele ya karatasi, ilhali wengi hujitazama kwenye simu iliyozimwa na kuweka sawa ushungi au kola kabla ya kuingia ofisini. Lau kazi ya kioo ingekuwa kurudisha mwanga mwingi, karatasi ingeishinda simu hiyo. Kwa hiyo anayesema kwamba tunajiona kwa sababu kioo huakisi mwanga bado hajaeleza kitu. Kila tunachokiona ambacho hakiwaki chenyewe huakisi mwanga: ukuta, embe, uso wa jirani. La kuuliza ni mwanga huo hurudi ukiwa katika hali gani.

Uchambuzi huu unashikilia jibu moja: kioo hurudisha mpangilio. Miale inayotoka kwenye ncha ya pua yako huanza safari ikiwa imetawanyika kutoka nukta moja. Ikishagonga kioo, bado imetawanyika kana kwamba inatoka nukta moja, ila nukta hiyo sasa iko mahali pengine. Kutokana na jambo hilo moja hutoka taswira, hutoka fumbo la kushoto na kulia, hutoka udanganyifu wa kioo cha pembeni cha gari, na hutoka pia kosa lililokaribia kuiangusha darubini mashuhuri kuliko zote angani.

Kanuni ya pembe

Kanuni yenyewe ni fupi. Pale mwale unapogonga kioo, chora mstari uliosimama wima juu ya uso wake. Pembe kati ya mwale unaoingia na mstari huo hulingana na pembe kati ya mstari huo na mwale unaotoka, na vyote vitatu hulala kwenye bapa moja. Wagiriki wa kale waliifahamu. Katika karne ya 1 baada ya Kristo, Hero wa Alexandria, nchini Misri, aliipa sababu ya kijiometri: kati ya njia zote ambazo mwanga ungeweza kupita kutoka kwenye kitu, ukagusa kioo bapa, hadi kufika jichoni, ile yenye pembe zinazolingana ndiyo fupi kuliko zote.

Lakini wengi wa wanajiometri hao walidhani kwamba miale hutoka jichoni na kwenda kuvipapasa vitu. Aliyelipindua wazo hilo kwa hoja na majaribio ni Ibn al-Haytham, aliyezaliwa Basra karibu na mwaka 965 na kufanya kazi Cairo. Katika Kitab al-Manazir, kitabu chenye juzuu saba alichokiandika mwanzoni mwa karne ya 11, alieleza kwamba mwanga hutoka kwenye kila nukta ya kitu kwenda kila upande, na sehemu yake ndogo huingia jichoni. Maneno hayo mawili, kila nukta na kila upande, ndiyo msingi wa maelezo yote ya taswira tuliyonayo leo. Aliichunguza kanuni ya kuakisi kwenye vioo vya aina saba: kioo bapa, kisha vya umbo la tufe, silinda na koni, kila kimoja kwa upande wa ndani na wa nje. Aliacha pia fumbo linaloitwa kwa jina lake hadi leo. Ukijua mahali taa ilipo na mahali jicho lilipo, ni nukta ipi ya kioo cha tufe itakayoupeleka mwanga wa taa jichoni? Fumbo hilo liliwashughulisha wanahisabati kwa karne nyingi, na mwaka 1997 Peter Neumann wa Chuo Kikuu cha Oxford alithibitisha kwamba nukta hiyo haiwezi kupatikana kwa rula na bikari peke yake.

Fizikia ya sasa huongeza sababu iliyo chini ya kanuni. Mwanga ni wimbi la umeme na sumaku. Ukifika kwenye fedha au alumini, elektroni zilizo huru ndani ya metali hutikisika kwa mdundo wake, na kila inayotikisika hutoa wimbi dogo kuelekea kila upande. Mawimbi hayo yanapokutana, karibu pande zote huuana. Upande mmoja tu huimarishana, nao ni ule unaotimiza usawa wa pembe.

Kuuana huko kunataka uso uwe laini. Uso ukiwa na mabonde na vilima vinavyokaribia urefu wa wimbi, ambao kwa mwanga tunaouona ni kati ya nanomita 400 na 700, hesabu huvurugika na mwanga husambaa ovyo. Ndivyo ilivyo karatasi: nyuzi zake zimeelekea kila upande, na mwanga huingia humo, ukagongagonga, kisha ukatoka popote. Kioo ni gwaride linalogeuka kwa amri moja. Karatasi ni gwaride lililokimbia mvua. Askari ni walewale, kilichopotea ni safu.

Taswira iko wapi?

Simama mita moja mbele ya kioo bapa. Miale kutoka ncha ya pua yako hugonga kioo mahali pengi, na kila mmoja hurudi kwa pembe yake. Ukichukua rula na kuirefusha miale iliyorudi hadi nyuma ya kioo, yote hukutana kwenye nukta moja, mita moja ndani ya ukuta. Huko hakuna mwanga wowote; kuna matofali na plasta. Jicho, hata hivyo, halina namna ya kujua kwamba mwale uligeuzwa njiani. Lenzi yake huikusanya miale kufuatana na jinsi ilivyotawanyika inapoingia, na miale hii imetawanyika sawasawa na ile ambayo ingetoka kwenye pua iliyoko mita mbili mbele. Wanafizikia huita hii taswira isiyo halisi, kwa maana kwamba ukiweka karatasi pale inapoonekana kuwapo, hutapata picha yoyote juu yake.

Jina hilo lisitufanye tudhani kwamba ni mazingaombwe ya ubongo. Mtu asiyeona mbali akivua miwani, kisha akashika kioo kidogo mkononi na kutazama humo mti ulio nyuma yake, ataona mti uliofifia, ingawa kioo kiko sentimita 30 tu kutoka machoni. Kamera nayo ni shahidi. Ukijipiga picha ukiwa mita moja kutoka kwenye kioo, lenzi hulazimika kujirekebisha kwa umbali wa mita mbili. Ikijirekebisha kwa mita moja, itanasa vizuri vumbi na alama za vidole zilizoko kwenye kioo, nawe utatoka na ukungu. Kamera haina ubongo wa kudanganyika. Umbali wa taswira umo ndani ya mwanga wenyewe, kwenye namna miale inavyoachana.

Kutokana na hesabu hiyo hutoka jambo ambalo wengi hulikataa wanapoambiwa mara ya kwanza. Mtu mwenye urefu wa sentimita 170, ambaye macho yake yako sentimita 160 kutoka sakafuni, anahitaji kioo chenye urefu wa sentimita 85 tu ili ajione kutoka utosini hadi kidoleni. Mwale unaotoka kwenye kidole cha mguu kwenda jichoni hugonga kioo kwenye kimo cha sentimita 80. Ule wa utosini hugonga kwenye kimo cha sentimita 165. Kati ya vimo hivyo viwili anaonekana mzima. Arudi nyuma hatua mbili au kumi, vimo havibadiliki, kwa sababu kioo hubaki daima katikati ya njia kati yake na taswira yake. Kwa hiyo anayerudi nyuma ili avione viatu vyake kwenye kioo kifupi kilichotundikwa wima hujisumbua bure. Dawa ni kukishusha kioo au kukiinamisha. Fundi wa makabati anayelijua hili huanza kwa kupima macho ya wenye nyumba, aliye mrefu kuliko wote na aliye mfupi kuliko wote, kabla ya kukata kioo.

Kwa sababu hiyohiyo, umbo la uso wako unaloliona juu ya kioo lina nusu ya ukubwa wa uso wako halisi. Lizungushie alama ya sabuni kwenye kioo, kisha lipime kwa rula.

Fumbo la kushoto na kulia

Vitabu vingi vya shule hufundisha kwamba kioo bapa hugeuza kushoto kuwa kulia. Kauli hiyo huzaa swali ambalo mwanafunzi makini huliuliza na mwalimu huliruka: mbona hakigeuzi juu kuwa chini? Kioo kitajuaje ni upande upi wa kugeuza?

Jibu ni kwamba hakigeuzi hata kimoja kati ya hivyo. Simama ukitazama mashariki, kioo kikiwa mbele yako, kisha inua mkono ulio upande wa kaskazini. Kwenye taswira, mkono unaoinuka ni wa kaskazini vilevile. Kichwa kiko juu, miguu iko chini. Kilichobadilika ni mashariki na magharibi: wewe unatazama mashariki, taswira inatazama magharibi. Kioo hugeuza mbele na nyuma tu, yaani ule mwelekeo unaokikabili uso wake.

Kushoto na kulia tunaviingiza sisi. Tunapomwona mtu aliyetukabili, kwa mawazo hujiweka mahali pake kwa kuzunguka nusu mduara, kwa kuwa ndivyo watu wanavyogeukiana kila siku. Baada ya mzunguko huo wa kichwani, saa iliyovaliwa mkono wa kushoto huonekana imehamia mkono wa kulia. Taswira haikuzunguka, sisi ndio tuliozunguka.

Maandishi hutii maelezo hayohayo. Ukurasa unaousoma umekutazama wewe, na ili uutazame kioo lazima uugeuze. Mikono yako ndiyo inayobadilishana kushoto na kulia kwake. Andika neno kwa kalamu nene kwenye plastiki angavu, ishike mbele ya kifua huku ukiweza kulisoma, kisha tazama kioo: taswira nayo inasomeka bila taabu. Chukua tena ukurasa wa karatasi na uugeuze kwa kuupindua kutoka juu kwenda chini. Kioo kitaonyesha maandishi yaliyopinduka kichwa chini, huku kushoto na kulia vikiwa salama. Kioo ni kilekile. Kilichobadilika ni mkono.

Kuna kitu kimoja ambacho kioo hukibadilisha kweli, nacho ni aina ya umbo. Taswira ya glavu ya mkono wa kushoto ni glavu ya mkono wa kulia, na hakuna namna ya kuizungusha ikarudi kuwa ya kushoto. Ndiyo sababu kwenye boneti za magari ya wagonjwa jina huandikwa kinyume. Dereva aliye mbele hulisoma kupitia kioo chake, na kugeuzwa mara ya pili hulirudisha katika hali ya kawaida.

Nikikuona, nawe unaniona

Njia ya mwanga haina mwelekeo mmoja. Mwanga unaoweza kutoka kwako hadi kwangu kupitia kioo unaweza pia kutoka kwangu hadi kwako kwa njia ileile. Kwa hiyo, nikiyaona macho yako kwenye kioo, nawe unaweza kuyaona yangu. Hapa kuna somo la kuokoa maisha kwa dereva wa bodaboda anayefuata lori. Ikiwa huuoni uso wa dereva wa lori kwenye vioo vyake vya pembeni, basi naye hawezi kukuona humo. Jiometri ndiyo inayosema hivyo, na honi haiibadilishi.

Kanuni hiyo hufichua pia kosa la macho yetu mbele ya sanaa. Katika jumba la National Gallery mjini London kuna mchoro wa Diego Velázquez, mchoraji Mhispania wa karne ya 17, unaomwonyesha Venus amelala ametupa mgongo, mtoto mwenye mabawa akimshikia kioo. Sisi watazamaji tunauona uso wake ndani ya kioo, na karibu kila mtu husema kwamba Venus anajitazama. Haiwezekani. Kama sisi tunauona uso wake humo, yeye anatuona sisi. Wasaikolojia wameligeuza jina lake kuwa jina la kosa hili, kwa sababu watu hulirudia hata mbele ya vioo vya kawaida.

Vipi basi kile kioo cha chumba cha mahojiano, ambacho aliye ndani hujiona mwenyewe huku aliye nje akimwona? Hakuna kioo kinachopitisha mwanga upande mmoja tu. Kioo hicho kimepakwa metali nyembamba sana, hivyo huakisi sehemu ya mwanga na kupitisha sehemu, sawa kwa pande zote mbili. Siri iko kwenye taa. Chumba chenye mwanga mkali hutoa akisi inayofunika ule mwanga hafifu unaopenya kutoka chumba chenye giza. Madirisha ya nyumbani hufanya vivyo hivyo usiku. Aliyewasha taa na kuacha pazia wazi hujiona mwenyewe kwenye dirisha akadhani yuko peke yake, na walio barabarani humwona barabara.

Kioo mbele ya kioo

Nyani haoni kundule, lakini mteja wa kinyozi hukiona kisogo chake. Kioo kikubwa kiko mbele, kidogo kiko mkononi mwa kinyozi, na mwanga wa kisogo huakisiwa mara mbili kabla ya kufika machoni. Hapa mpangilio hubadilishwa, kisha ukabadilishwa tena. Akisi moja hugeuza glavu ya kushoto kuwa ya kulia, akisi ya pili huirudisha. Ndiyo maana vioo viwili vilivyoungwa kwa pembe ya digrii 90 hukuonyesha kwenye kiungo chao jinsi wengine wanavyokuona, na mtu aliyezoea kioo cha kawaida hubabaika anapojaribu kuchana nywele mbele ya vioo hivyo.

Pembe kati ya vioo viwili ndiyo inayoamua idadi ya taswira. Gawanya 360 kwa pembe hiyo, kisha toa moja: kwa digrii 90 utapata taswira 3, kwa digrii 60 utapata 5. Vioo vikitazamana sambamba, kama katika saluni nyingi, taswira hazina kikomo kwenye hesabu, lakini zina kikomo machoni. Kioo cha kawaida hurudisha kiasi cha asilimia 90 ya mwanga. Baada ya akisi 10 hubaki asilimia 35 hivi, baada ya 20 hubaki 12. Taswira za mbali huingia giza, na huwa na rangi ya kijani, kwa kuwa kioo cha kawaida hurudisha mwanga wa kijani vizuri kidogo kuliko rangi nyingine. Akisi moja haitoshi kuuonyesha upungufu huo. Akisi nyingi huukusanya.

Vioo vitatu vilivyokutana kwa pembe za mraba, kama kona ya chumba, vina tabia ya pekee. Mwale wowote unaoingia hutoka ukirudi kulekule ulikotoka, hata kona ikiwa imeinamishwa. Viakisi vyekundu vya nyuma ya baiskeli vimejaa vijikona vya namna hiyo, ndiyo maana humulika machoni mwa dereva mwenye taa na si kwingineko. Mwezi Julai 1969 wanaanga wa Apollo 11 waliacha Mwezini bamba lenye vikona 100 vya aina hii. Hadi leo wanasayansi hulipigia mwanga wa leza kutoka Duniani na kupima muda wa kurudi kwake, ambao ni sekunde mbili na nusu hivi. Kwa vipimo hivyo tunajua kwamba Mwezi unajitenga nasi kwa takriban sentimita 3.8 kila mwaka.

Uso unapopinda

Kanuni ya pembe haibadiliki kioo kikipinda; kila kipande kidogo huitii. Kinachobadilika ni mahali miale inapokutana.

Kioo mbonyeo, yaani kilichobonyea kuelekea ndani, hukusanya. Miale ya sambamba inayotoka mbali hukutana mbele yake kwenye fokasi, iliyo nusu ya nusukipenyo cha mpindo wake. Kioo chenye nusukipenyo cha sentimita 40 kina fokasi kwenye sentimita 20. Weka uso wako sentimita 15 mbele yake: taswira itakuwa nyuma ya kioo, imesimama wima, na kubwa mara nne. Hiki ndicho kioo cha kunyolea ndevu na cha kujipamba. Sasa weka mshumaa kwenye sentimita 60: miale hukutana kweli mbele ya kioo, kwenye sentimita 30, na karatasi ikiwekwa hapo picha ya mshumaa hutua juu yake, imepinduka na ina nusu ya ukubwa. Hii ni taswira halisi, isiyomhitaji mtazamaji. Weka taa kwenye fokasi yenyewe, nayo miale itatoka sambamba: ndiyo kazi ya kioo kilicho ndani ya tochi na ndani ya taa ya gari.

Umbo la tufe lina kasoro moja: miale inayogonga pembezoni hukutana karibu zaidi na kioo kuliko ile ya katikati. Umbo linaloikusanya yote mahali pamoja ni parabola. Mgiriki Diocles alilieleza hilo katika karne ya 2 kabla ya Kristo, akiandika juu ya vioo vya kuunguzia. Leo safu ndefu za vioo vya parabola karibu na Ouarzazate, Moroko, hukusanya jua kwenye mabomba na kuzalisha umeme. Newton naye alitumia kioo kutengeneza darubini mwaka 1668, kwa sababu lenzi huipinda kila rangi kwa kiasi chake, lakini kioo hurudisha kila rangi kwa pembe ileile.

Kioo mbinuko, kilichobinuka kuelekea nje, hutawanya. Taswira yake ni wima, ndogo, na huonyesha eneo pana, ndiyo maana kinawekwa kwenye kona za maduka na kwenye magari. Lakini saitimira, yaani kioo cha pembeni cha gari, ina udanganyifu unaostahili hesabu. Chukua yenye nusukipenyo cha mita 1.2, na gari lenye kimo cha mita 1.5 lililo mita 20 nyuma yake. Taswira ya gari hilo iko sentimita 58 tu nyuma ya kioo, na ina kimo cha sentimita 4.4. Kwa kipimo cha miale, basi, taswira iko karibu mno kuliko gari lenyewe. Mbona basi kwenye vioo hivi huandikwa onyo kwamba vitu viko karibu kuliko vinavyoonekana? Kwa sababu dereva haukadirii umbali kwa miale peke yake. Hutumia ukubwa anaouzoea. Kama jicho liko sentimita 70 kutoka kwenye kioo, kigari kile huchukua machoni nafasi ambayo gari la kweli lingeichukua likiwa takriban mita 44. Ubongo unalijua gari lilivyo, hivyo huamini mita 44. Dereva anayetaka kuhamia njia nyingine hujiona ana nafasi maradufu ya ile aliyonayo. Kioo hakikukosea popote. Kimebadilisha mpangilio ambao ubongo umezoea kuusoma kwa namna moja.

Laini kwa kiasi gani?

Tumesema kioo ni uso laini, lakini ulaini hauna kipimo kimoja. Kipimo chake ni urefu wa wimbi linalokuja. Madishi makubwa ya televisheni ya zamani, yaliyotengenezwa kwa wavu wa chuma, hayaakisi uso wa mtu. Mawimbi yanayopokewa kutoka kwenye setilaiti kwa masafa ya gigahezi 4 yana urefu wa sentimita 7.5, na kwayo wavu wenye matundu madogo ni kioo kamili. Bati la paa lililofifia kwa macho yetu hung'ara kwa mawimbi ya redio.

Historia ya kutengeneza vioo inaweza kusomwa yote kama historia ya kuutafuta ulaini huo. Huko Çatalhöyük, katika Uturuki ya leo, miaka ipatayo 8,000 iliyopita, watu walisugua jiwe la volkano jeusi hadi likawaonyesha nyuso zao. Misri na China walisugua metali. Mafundi wa kisiwa cha Murano, Venice, walifanikiwa katika karne ya 16 kwa kuunganisha vitu viwili: bamba la kioo angavu lililo laini lenyewe, na nyuma yake mchanganyiko wa bati na zebaki wa kurudisha mwanga mwingi. Kimoja kilileta mpangilio, kingine kikaleta nguvu. Gharama yake ilikuwa mvuke wa zebaki uliowadhuru wafanyakazi. Ukumbi wa vioo wa Versailles, uliokamilika mwaka 1684, ulipambwa kwa vioo 357 vya namna hiyo. Mwaka 1835 mkemia Mjerumani Justus von Liebig aligundua njia ya kuipaka fedha juu ya kioo kwa kemikali, na zebaki ikaanza kuondoka. Kuanzia miaka ya 1930 alumini ilipakwa ndani ya chemba isiyo na hewa, na vioo vya darubini vikaifuata njia hiyo.

Kwenye darubini ndipo hoja ya mpangilio hujaribiwa kwa ukali kuliko kwingine. Darubini ya Hubble ilirushwa mwaka 1990 ikiwa na kioo cha mita 2.4 kilichosuguliwa kwa ustadi wa hali ya juu. Picha za kwanza zilitoka na ukungu. Uso ulikuwa laini, lakini umbo lilikuwa limekosewa: ukingo ulikuwa bapa kupita kiasi kwa mikromita 2.2, kipimo ambacho ni sehemu ndogo ya unene wa unywele. Chanzo kilikuwa kifaa cha kupimia umbo, ambacho lenzi yake iliwekwa vibaya kwa milimita 1.3. Mwanga wote ulirudi. Haukurudi mahali pamoja. Desemba 1993 wanaanga waliweka vifaa vyenye kasoro ya kinyume ili kuifuta ile ya kwanza.

Darubini zilizofuata zimegawanya kioo vipande vipande, kisha zikaupata mpangilio kwa kuvipanga upya. Darubini kubwa ya Sutherland, Afrika Kusini, iliyozinduliwa mwaka 2005, ina vipande 91. Ile ya James Webb, iliyorushwa Desemba 2021, ina vipande 18 vya beriliamu vilivyopakwa dhahabu, metali ambayo machoni petu ni ya manjano kwa kuwa hula mwanga wa buluu, lakini huakisi vizuri sana mwanga wa infraredi ambao darubini hiyo iliundwa kuutafuta.

La kufundisha

Kwa hiyo anayekitathmini kioo chochote ana maswali mawili tofauti ya kuuliza, na makosa mengi hutokana na kuyachanganya. La kwanza ni la kiasi: mwanga gani hurudi, na mwingi kiasi gani? Hili hujibiwa na metali iliyopakwa. La pili ni la mpangilio: miale iliyotoka nukta moja huishia ikielekea nukta gani? Hili hujibiwa na ulaini na umbo. Simu iliyozimwa hufeli swali la kwanza na kufaulu la pili, nayo hutosha kumwonyesha mtu uso wake. Hubble ya mwaka 1990 ilifaulu la kwanza na kufeli la pili, na mabilioni ya dola yakawa hatarini.

Shuleni swali la pili hupewa sentensi moja ya kukariri, na mara nyingi ni ile ya kushoto na kulia, ambayo ni potofu. Vifaa vya kulifundisha vizuri havina gharama: kipande cha kioo, plastiki angavu, kalamu, rula na simu. Mwanafunzi aliyeandika juu ya plastiki na kupima umbo la uso wake kwa rula hatahitaji kukariri. Na siku atakayoketi nyuma ya usukani, au nyuma ya lori, atajua kwamba kinachoonekana kwenye kioo ni hesabu, na hesabu hiyo anaweza kuifanya mwenyewe.